Kubadili difu ya kawaida kuwa LSD nyumbani: mwongozo kamili wa difu ya nyuma

LSD ni difu inayozuia gurudumu moja lisiteleze peke yake, kwa kupeleka nguvu pia kwenye gurudumu lenye mshiko. Wengi wanaoifanya kazi hii wenyewe hufungua vizuri, hufunga vizuri, halafu gari likishika mwendo difu inaanza kulia. Wengine hawasikii mlio, ila baada ya wiki chache wanakuta vumbi la chuma ndani ya oili. Kufungua na kufunga bolti hakujawashinda. Kilichowashinda ni vipimo: difu ilifunguliwa kabla ya kupimwa, kwa hiyo wakati wa kufunga hawakujua wairudishe wapi. Ndiyo maana mwongozo huu unakawia sana kwenye kupima na kupita haraka kwenye kufungua.

Unahusu difu ya nyuma ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, pamoja na difu ya nyuma ya 4x4. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina difu ndani ya gia boksi, na huko kazi ni nyingine kabisa.

Kitu kimoja kinaifanya kazi hii iwezekane nyumbani: unabadilisha kasha la ndani tu, lile linalobeba gia ndogo na kufungiwa kraunwili, ile gia kubwa ya duara. Pinioni, gia ya mwisho wa propela shafti inayoizungusha kraunwili, haiguswi. Kina chake na mkazo wa beringi zake, yaani jinsi zilivyobanwa, vilipangwa kiwandani na vinabaki palepale. Ukishawishika kufungua nati ya pinioni "kwa kuwa tayari niko humu ndani", umejiongezea kazi ngumu kuliko hii uliyoianza.

## Chagua aina kabla ya kununua

LSD ya sahani za klachi. Ina sahani za chuma zinazobanana na kuzilazimisha ekseli mbili kuzunguka pamoja. Inafanya kazi hata gurudumu moja likiwa hewani, kwa sababu sahani zimebanwa na springi tangu mwanzo. Gharama yake ni matunzo: sahani huisha, oili hubadilishwa mara kwa mara zaidi, na nyingi zinahitaji dawa ya kulainisha msuguano.

LSD ya gia za mshazari. Haina sahani. Gia zenyewe husukumwa dhidi ya ukuta wa kasha nguvu inapoongezeka, na kulipa nguvu zaidi gurudumu lenye mshiko. Ni tulivu, haihitaji dawa, na hudumu sana. Udhaifu wake ni mmoja, ila ni mkubwa kwa mtu wa njia mbovu: huzidisha nguvu inayopokelewa na gurudumu linaloteleza. Gurudumu likinyanyuka kabisa na kupokea karibu sifuri, sifuri ukiizidisha inabaki sifuri. Dereva wa aina hii hulazimika kubana breki kidogo ili upande mwingine upate nguvu.

Kwa gari la barabarani, la gia za mshazari ndilo chaguo bora. Kwa gari linalopita mitaro, mawe na matope mazito, chukua la sahani.

## Hakikisha linaingia kwenye difu yako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kasha la LSD haliagizwi kwa jina la gari. Huagizwa kwa vitu vitano, na vyote vitano lazima vilingane:

- Modeli ya difu. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na difu tofauti kutegemea injini. Soma kibati cha difu au namba iliyo kwenye bamba la utambulisho la mtengenezaji, si bamba la usajili.
- Uwiano wa gia. Baadhi ya difu zina makasha ya kimo tofauti kutegemea uwiano. Dana 44, kwa mfano, ina kasha moja la 3.73 kushuka chini na jingine la 3.92 kupanda juu. Ukichanganya, kraunwili haitaifikia pinioni, au itagongana nayo.
- Idadi ya meno ya ekseli. Ford 8.8 ina ekseli za meno 28 na nyingine za 31. Zihesabu mwenyewe.
- Namna ekseli inavyoshikiliwa. Kuna zinazofungwa kwa nati upande wa gurudumu, na kuna zinazoshikiliwa ndani ya difu kwa klipu ya umbo la C. Kasha la LSD lazima liwe na nafasi ya klipu hizo kama difu yako inazitumia.
- Beringi na pete ya sensa ya ABS. Kwenye baadhi ya magari pete hiyo imekaa juu ya kasha lenyewe. Uliza kama inahamishika.

Uwiano unaweza kuukadiria bila kufungua kitu. Nyanyua nyuma, weka gia huru, zuia gurudumu moja lisizunguke kabisa, kisha zungusha jingine mizunguko miwili kamili huku mtu akihesabu mizunguko ya propela shafti. Idadi hiyo ndiyo uwiano. Ikiwa 4 na kidogo, inaweza kuwa 4.10 au 4.30, kwa hiyo thibitisha kwa kuhesabu meno utakapofungua: 41 gawanya kwa 10 ni 4.10, na 43 kwa 10 ni 4.30.

## Vitu vya kuandaa

Vipuri na vimiminika:

- Kasha la LSD
- Beringi mbili mpya za kasha, pamoja na vikombe vyake, yaani pete zake za nje
- Bolti mpya za kraunwili, seti nzima
- Sili mbili za ekseli
- Gasketi ya difu au silikoni inayostahimili oili ya gia
- Oili ya difu ya daraja la GL-5, ya uzito uliotajwa na mtengenezaji wa LSD. Nunua ya kujaza mara mbili, kwa kuwa ya kwanza itamwagwa mapema
- Dawa ya kulainisha msuguano, ikiwa tu LSD ni ya sahani na mtengenezaji ameitaja
- Gundi nyekundu ya kushika nyuzi za bolti
- Kisafishio cha breki, makopo mawili au matatu
- Rangi ya kupakia meno ya gia
- Seti ya shimu, zile washa nyembamba za kupimia nafasi, kama difu yako inazitumia

Vifaa:

- Jeki, stendi nne imara, na vizuizi vya magurudumu ya mbele
- Tokirenchi inayofika angalau Nm 150
- Geji ya mshale yenye kitako cha sumaku, inayosoma mia moja ya milimita
- Maikromita na kalipa yenye kipimo cha kina
- Pula ya beringi na presi ya kushindilia
- Nyundo ya shaba au ya plastiki, mitaimbo miwili, ponchi ya kuwekea alama
- Miwani ya kukinga macho na glavu

Geji ya mshale haina mbadala. Kama huna na huwezi kuiazima, ahirisha kazi. Kuna watu husema mchezo wa meno, ile nafasi ndogo inayobaki kati ya meno ya kraunwili na ya pinioni, wanausikia kwa mkono. Mkono hautofautishi milimita 0.15 na 0.30, lakini meno ya gia yanatofautisha. Presi, kwa upande mwingine, si lazima uimiliki. Peleka kasha karakana yenye presi, wakushindilie beringi, urudi nyumbani.

Tafuta pia kitabu cha ufundi cha gari lako. Vipimo vilivyomo humu ni vya kawaida kwa difu nyingi, lakini kitabu kikisema tofauti, fuata kitabu.

## Hatua ya 1: Nyanyua na umwage oili

Weka vizuizi mbele, nyanyua nyuma, na ulaze gari kwenye stendi chini ya mwili au ekseli, kutegemea utakachokishusha. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Litikise gari kwa nguvu kabla ya kuingia chini. Likicheza, panga upya.

Kabla ya kufungua bolti ya kumwagia, fungua ile ya kujazia. Ikikataa kufunguka utakuwa bado una oili ndani na gari linatembea.

Ichunguze oili inapotoka. Uji mweusi laini kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole maana yake jino au beringi imevunjika, na hapo LSD mpya haitasaidia mpaka ujue kilichovunjika.

Ikusanye oili yote kwenye chombo na uipeleke inakopokelewa oili chafu. Isimwagwe ardhini.

## Hatua ya 2: Toa ekseli

Achia hendibreki, toa magurudumu na dramu au diski.

*Ekseli ya nati:* fungua nati nne nyuma ya bamba la breki, kisha vuta ekseli pamoja na beringi yake. Ikihitajika kufungua bomba la breki, liziba na kumbuka kutoa hewa kwenye breki mwishoni. Huhitaji kuitoa ekseli nzima. Sentimita kama 15 zinatosha meno yake yaachane na kasha.

*Ekseli ya klipu:* fungua mfuniko wa difu, toa bolti inayoshikilia pini ya kati, chomoa pini, sukuma ekseli ndani, klipu itadondoka. Bolti hiyo ya pini ni nyembamba na ina tabia ya kukatika. Ipeleke taratibu, na weka mpya wakati wa kufunga.

*Difu yenye shafti mbili za viungio:* weka alama kwenye flanji, fungua bolti, zifunge shafti kwa waya zisining'inie.

Badilisha sili za ekseli sasa hivi. Ekseli inayopita kwenye sili kuukuu mara mbili karibu kila mara huishia kuvujisha oili kwenye breki.

Kama difu yako ni ya kichwa kinachotoka mbele, fungua pia propela shafti baada ya kuiwekea alama, kisha nati za kuzunguka kichwa. Kiwekee jeki chini yake kabla ya nati ya mwisho. Ni kizito kuliko kinavyoonekana, na wengi wameumia vidole hapa.

## Hatua ya 3: Pima kabla ya kufungua chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Safisha gia kwa kisafishio hadi zikauke, kisha fanya mambo manne kwa mpangilio huu.

Mchezo wa meno. Bana kitako cha geji kwenye nyumba ya difu. Ncha yake iguse jino la kraunwili karibu na ukingo wa nje, ikiwa wima dhidi ya uso wa jino. Zuia pinioni isisogee hata kidogo, tikisa kraunwili taratibu, soma. Rudia sehemu nne zilizogawana duara sawa. Andika namba zote nne. Difu nyingi huwa kati ya milimita 0.13 na 0.25. Gia zilizotembea sana zinaweza kuzidi hapo, na hiyo si sababu ya kuzibana. Meno yamezoeana katika umbali huo, na lengo lako ni kuyarudisha hapohapo.

Mnyooko wa kraunwili. Sogeza geji iguse mgongo wa kraunwili, izungushe mzunguko mmoja. Mshale ukicheza zaidi ya milimita 0.05, jua kuna uchafu, bolti imelegea, au kasha limepinda.

Alama ya mgusano wa meno. Paka rangi meno matatu au manne, zungusha huku ukizuia kidogo ili meno yabanane, kisha piga picha pande zote mbili za jino. Picha hii utailinganisha na ya mwisho.

Alama za mahali. Kwa ponchi, weka nukta moja kwenye kifuniko cha beringi cha kushoto na nukta moja kwenye nyumba yake. Upande wa kulia weka nukta mbili na mbili. Vifuniko hivi vilichongwa vikiwa vimefungwa hapohapo. Ukivibadilishana au kukigeuza kimoja juu chini, beringi itabanwa isivyo sawa na itakufa mapema. Kisha kwa rangi, weka alama kwenye jino la pinioni na kwenye nafasi ya kraunwili linamoingia. Kwa uwiano kama 4.00, ambapo meno yaleyale hukutana kila mara, alama hii ina uzito mkubwa.

## Hatua ya 4: Toa kasha la zamani

Legeza bolti za vifuniko, lakini ziache zimeshika nyuzi kadhaa. Sukuma kasha kwa mitaimbo miwili, pande mbili kwa pamoja. Likiachia, vifuniko vitalizuia lisikuangukie. Ndipo ulitoe kwa mikono miwili.

Kila shimu na kila kikombe cha beringi kiende kwenye mfuko wake ulioandikwa KUSHOTO au KULIA. Pima unene wa kila shimu kwa maikromita na uandike. Kama difu yako ina nati za kurekebishia badala ya shimu, weka alama zilipokuwa na uhesabu matundu unapozifungua.

## Hatua ya 5: Hamisha kraunwili

Kwanza angalia uelekeo wa nyuzi. Difu kadhaa, kama GM ya 8.5 na Chrysler ya 8.25, zina bolti za kraunwili zinazofunguka kinyume. Ukizilazimisha upande uliozoea utazikata. Bolti za namna hii mara nyingi zina herufi L kichwani.

Legeza bolti zote kwa kupishana, ziache zikiwa zimeshika kidogo, kisha gonga kraunwili kwa nyundo ya shaba ukizunguka. Usiipige sehemu moja mfululizo, itakwama upande.

Safisha uso unaokutana na kasha jipya, pitisha jiwe la mafuta kuondoa vichomo, kausha. Kipande cha uchafu kisichoonekana kwa macho kinatosha kuipinda kraunwili nzima.

Kraunwili huingia kwa kubana. Itie kwenye maji yanayochemka dakika chache, itoe kwa koleo, ikaushe haraka, iweke kwenye kasha ikiwa bado ya moto. Bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa zitakusaidia kuyalenga matundu. Usitumie moto wa gesi. Meno yake yamefanywa magumu kiwandani, na moto huo unayalainisha bila kuacha dalili utakayoiona. Usiivute pia kwa bolti zake wakati ni baridi: itakaa upande na nyuzi zitaumia.

Ikishapoa, toa bolti moja moja, paka gundi kwenye nyuzi safi zisizo na oili, rudisha. Kaza kwa kupishana katika raundi tatu hadi kipimo cha kitabu, ambacho kwa difu nyingi za magari madogo na pikapu ni kati ya Nm 75 na 115. Bolti ya kraunwili iliyolegea hujitoa na kuingia kati ya meno. Ikitokea barabarani, gurudumu la nyuma linaweza kujifunga.

## Hatua ya 6: Panga beringi na shimu

Chukua kalipa, pima kwenye kasha la zamani umbali kutoka uso wa kufungia kraunwili hadi bega la beringi, kisha pima palepale kwenye kasha jipya. Tofauti yake ndiyo utakayoifidia kwa shimu. Kasha jipya likiwa fupi kwa milimita 0.20 upande mmoja, ongeza 0.20 upande huo. Hapo utakuwa umeanzia karibu kabisa na jibu.

Kwenye difu ambazo shimu hukaa nyuma ya beringi, kila jaribio lingehitaji kuitoa beringi na kuiharibu. Tengeneza beringi za majaribio: chukua kuukuu zilizo nzima, panua tundu lake la ndani kwa jiwe la kusagia mpaka liteleze kwa mkono. Zitumie hadi vipimo vikubali, ndipo ushindilie mpya.

Beringi mpya inashindiliwa kwa pete ya ndani tu. Ukiisukuma kwa kizimba kinachoshika roli, imekufa kabla haijazunguka.

LSD ya sahani ilowekwe kwenye oili yake kwa muda kabla ya kuingia, huku ukizungusha gia za pembeni ili oili ipenye. Sahani kavu huungua katika dakika za kwanza.

## Hatua ya 7: Rudisha na upime

Ingiza kasha na vikombe vyake, rudisha vifuniko kwa alama zako, kaza kwa kipimo. Zungusha mara kumi ili roli zikae, ndipo upime mchezo wa meno, sehemu zilezile nne.

Kanuni ya kusogeza ni hii:

- Mchezo ni mkubwa: sogeza kraunwili kuelekea pinioni, yaani ongeza shimu nyuma ya kraunwili na upunguze unene uleule upande wa pili.
- Mchezo ni mdogo: fanya kinyume.

Kinachotolewa upande mmoja lazima kiingie upande mwingine, la sivyo unabadilisha mkazo wa beringi bila kujua. Makadirio yanayofaa kuanzia: ukihamisha milimita 0.10 ya shimu, mchezo hubadilika kwa takriban milimita 0.07.

Kwa difu ya nati, legeza upande mmoja tundu moja, kaza mwingine tundu moja. Malizia kila mara kwa kukaza, si kulegeza, ili nati iwe imegusa kikombe.

Lengo: wastani ulioandika katika hatua ya 3, na tofauti kati ya sehemu nne isizidi milimita 0.05. Ikizidi, usiendelee kuhangaika na shimu. Kraunwili haijakaa sawa, rudi hatua ya 5.

Sasa mkazo wa beringi. Kasha lisiingie kwa uzito wake lenyewe. Liingie kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya plastiki. Kwenye difu za GM za shimu za nje, ukishapata unene usioacha nafasi, unaongeza milimita 0.10 kila upande. Kwenye vichwa vya Toyota vya nati, nguvu ya kuzungusha pinioni huongezeka kwa Nm 0.4 hadi 0.6 juu ya ile ya pinioni peke yake. Mkazo ukiwa mdogo, kraunwili inasukumwa mbali na pinioni kila unapokanyaga mafuta. Ukizidi, beringi inachemka.

Paka rangi tena na ulinganishe na picha. Kwa kuwa pinioni haijaguswa, alama irudi ilipokuwa. Ikiwa imehamia ncha ya ndani ya jino, mchezo ni mdogo mno. Ikihamia ncha ya nje, ni mkubwa mno. Usifunge mfuniko mpaka picha mbili zifanane, hata kama hii ni mara ya tano unatoa kasha. Tatu au nne ni kawaida kwa anayeanza.

## Hatua ya 8: Funga na ujaze

Rudisha ekseli kwa uangalifu. Zinyanyue zinapopita kwenye sili, maana meno yake hukata mpira kama kisu. Kwa ekseli za klipu, hakikisha kila klipu imezama kwenye nafasi yake kabla pini haijarudi. Ikibaki nje, gurudumu linaweza kutoka pamoja na ekseli.

Futa nyuso za mfuniko hadi zikauke, paka silikoni mstari mmoja usiokatika, unaopita upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza oili.

Kwa LSD ya sahani, dawa ya msuguano hutangulia, kisha oili. Chupa ya kawaida ni mililita 118. Soma kopo la oili kwanza: nyingi zilizoandikwa LSD tayari zina dawa hiyo, na ukiizidisha sahani zitateleza na difu itafanya kazi kama ya zamani. LSD ya gia za mshazari usiitie dawa. Inaishi kwa msuguano.

Jaza gari likiwa limelala sawa, mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

## Hatua ya 9: Jaribu na uzoeshe

Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa juu, injini imezimwa na gia huru, zungusha moja kwa mkono. Kwa LSD ya sahani, la pili lifuate uelekeo uleule. Kwa ya gia za mshazari yanaweza kuzunguka kinyume kama zamani, na si kosa.

Onyo linalogusa uhai: kuanzia leo, usiwashe injini na kuingiza gia gurudumu moja la nyuma likiwa limenyanyuliwa na jingine liko chini. Difu ya kawaida ilikusamehe. LSD inaweza kulipa nguvu gurudumu la chini na gari likaruka kutoka kwenye jeki. Mwambie kila fundi atakayeligusa.

Endesha taratibu kilomita 15 au 20, simama, acha ipoe kabisa, kagua uvujaji. Rudia mara mbili. Beringi mpya zinahitaji joto hilo la kupanda na kushuka.

LSD ya sahani inahitaji pia mazoezi yake. Katika uwanja mtupu, zunguka polepole kwa umbo la namba nane, mara kumi hivi, pumzisha, rudia. Oili inabanwa ndani ya kila sahani na nyuso zinazoeana.

Usivute tela wala kubeba mzigo mzito kilomita 800 za kwanza. Zikifika, mwaga oili na ujaze mpya. Unga mweusi kwenye sumaku mara hii ya kwanza usikuogopeshe.

## Difu ikilalamika

Inalia ukikanyaga mafuta au ukiachia. Mgusano wa meno umehama. Rudi kwenye mchezo wa meno na picha. Usisubiri "izoee". Mlio wa meno haupoi kwa kutembea, unachimba.

Mngurumo usiobadilika ukikanyaga wala ukiachia. Beringi: mkazo si sahihi, au iliumizwa kwenye presi.

Inakwaruza na kurukaruka kwenye kona kali. Kwa LSD ya sahani, dawa ya msuguano haitoshi. Fanya tena namba nane kwanza. Ikiendelea, ongeza dawa kidogo kidogo.

Mlio mmoja mzito wa kugonga unapobadili gia. Kagua bolti za propela shafti na flanji, ndipo ushuku difu.

Inachemka sana. Pima matairi ya nyuma. Yakitofautiana mzingo, hata kwa uchakavu tu, LSD hufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka na sahani zinaisha. Yabadilishe yote mawili kwa pamoja, na tairi la akiba lenye kipimo kingine litumie tu kufikia mahali pa kuziba pancha.

Dereva naye anahitaji kujua kilichobadilika. Awali, ukizidisha mafuta kwenye kona yenye maji, gurudumu moja liliteleza na jingine likaendelea kushika barabara. Sasa yanaweza kuteleza yote mawili, na mkia wa gari ukatoka nje. Wiki za mwanzo, kanyaga mafuta baada ya kunyoosha usukani, hasa mvua ikinyesha.